Mama ana kisukari, mbwa naye ana kisukari: je, bomba la sindano ni lilelile?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi. Mama yake mzazi, mwenye miaka 67, anachomwa insulini asubuhi na jioni, na dada huyu ndiye anayemchoma. Hivi karibuni mbwa wao mzee alianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa ndani ya nyumba na kukonda huku anakula. Daktari wa mifugo akampima, akakuta ni kisukari, akamwanzishia insulini na mabomba yake. Sasa mabomba ya mbwa yamekwisha na duka la dawa la mtaani lina yale ya mama tu. Anauliza: "Naweza kutumia ya mama kwa mbwa, maana yote ni ya insulini? Bomba moja linafaa kutumika mara ngapi? Kaka yangu kijijini anachoma mbuzi zizi zima kwa sindano moja na anasema hajawahi kuona tatizo. Na yaliyokwisha kutumika niyatupe wapi? Nina mtoto wa miaka mitatu hapa nyumbani."

Dada yangu, la kwanza halisubiri, kwa hiyo nalijibu kabla ya mengine. Usivute insulini ya mbwa kwa bomba la mama, na zaidi ya hapo, usije ukavuta insulini ya mama kwa bomba la mbwa, mpaka umesoma maandishi ya kichupa na ya bomba ukaona yanakubaliana. Kosa la kwanza litamwacha mbwa na sukari juu. La pili linaweza kumuua mama yako usiku mmoja.

Sababu yake ni hii. Insulini haipimwi kwa mililita, inapimwa kwa yuniti, na kila kichupa kimeandikwa kina yuniti ngapi katika mililita moja. Insulini ya watu inayouzwa huku kwetu kwa kawaida ni U-100, maana yake mililita moja ina yuniti 100. Insulini zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mbwa na paka ni U-40: mililita ileile ina yuniti 40 tu. Mabomba nayo yametengenezwa kufuata hesabu hizo. Mistari ya bomba la U-100 imechorwa kwa kudhani kwamba ndani mna dawa ya U-100, na ya bomba la U-40 vivyo hivyo. Bomba lenyewe halijui umevuta nini.

Tuchukue mfano. Mama anatakiwa yuniti 20. Kwa bomba lake, mstari wa 20 ni sawa na mililita 0.2. Ukichukua bomba la mbwa la U-40 ukavuta mpaka mstari ulioandikwa 20, umevuta mililita 0.5, na katika insulini ya mama hiyo ni yuniti 50. Umemchoma mara mbili na nusu ya dozi yake, na macho yako yanaona namba sahihi kabisa. Sasa geuza: mbwa anatakiwa yuniti 10 za insulini yake ya U-40, wewe ukavuta kwa bomba la mama hadi mstari wa 10. Hiyo ni mililita 0.1, yaani yuniti 4 tu. Utaendelea hivyo wiki nzima, mbwa anazidi kukonda, daktari anadhani dawa haifanyi kazi na anaongeza dozi. Siku ukipata bomba sahihi na dozi mpya iliyoongezwa, sukari yake inaporomoka.

Kuna jambo moja linaloweza kubadili jibu langu. Baadhi ya madaktari wa mifugo huwaandikia mbwa na paka insulini ya binadamu, ileile ya U-100. Kama kichupa cha mbwa wako kimeandikwa "100", basi bomba la U-100 ndilo lake, na utalinunua dukani pale pale unaponunua la mama. Kinachochagua bomba ni dawa iliyomo kwenye kichupa, haidhuru anayechomwa ni nani. Kwa maelezo yako kwamba mbwa alipewa mabomba yake ya pekee, nahisi yake ni U-40, lakini usiishie kwenye hisia zangu. Chukua kichupa, simama penye mwanga, soma.

Usitegemee rangi peke yake. Ni kweli kwamba mabomba mengi ya U-100 yana kifuniko cha rangi ya chungwa na ya U-40 yana kifuniko chekundu, na inasaidia. Lakini kifuniko kikishatoka kimetoka, na kwenye sindano za kawaida rangi ya chungwa ina maana nyingine kabisa, nitaieleza chini. Maandishi "U-100" au "U-40" yamo kwenye mwili wa bomba lenyewe. Hayo ndiyo ya kuamini. Na kama una ndugu anayekwenda India kwa matibabu, kumbuka kwamba kule insulini ya U-40 kwa ajili ya watu bado inauzwa. Kichupa kikitoka safari, kisomwe upya. Zipo pia kalamu za insulini zenye yuniti 200 au 300 kwa mililita. Usivute dawa ya kalamu kwa bomba hata siku moja.

Utaniuliza, basi si nifanye hesabu? Hesabu ipo: dozi ya U-40 ukiizidisha kwa 2.5 unapata mstari wa kufika kwenye bomba la U-100, kwa hiyo yuniti 10 za mbwa zinafika mstari wa 25. Daktari wako wa mifugo akikuandikia hivyo kwa mkono wake ili uvuke siku mbili tatu mpaka mabomba yapatikane, fuata. Kama utaratibu wa kudumu siupendi kabisa. Siku wewe umesafiri na binti wa kazi ndiye anayemchoma mbwa, hesabu hiyo haimo kichwani mwake. Mabomba ya U-40 huwa hayakai kwenye maduka ya kawaida ya dawa; mwombe daktari wa mifugo akuagizie boksi zima kwa mpigo.

Na nyumbani, yatenganishe kwa macho na kwa mahali. Dawa ya mama rafu ya juu ya friji ndani ya kopo lake, ya mbwa chini ndani ya lake, kila kopo na mabomba yake, na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: jina, dozi, U ngapi. Nyumba yenye wagonjwa wawili wa insulini haina haja ya mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Ina haja ya makopo mawili.

Upande wa mama kuna mtego mwingine ambao nauona sana dukani. Mabomba ya U-100 yapo ya mililita 0.3, 0.5 na 1, yaani ya yuniti 30, 50 na 100. Kwenye yale madogo mawili, mstari mmoja kwa kawaida ni yuniti moja. Kwenye la mililita 1, mstari mmoja mara nyingi ni yuniti mbili. Wapo walezi waliofundishwa kuhesabu mistari: "mama anachomwa mistari kumi na nane". Siku duka limeishiwa ya 0.5 wakapewa ya 1, mistari kumi na nane inakuwa yuniti 36. Kwa hiyo usihesabu mistari, soma namba. Mama akiwa anachomwa yuniti 18, mnunulie ya 0.3 au 0.5, maana mistari yake imeachana na inasomeka vizuri hata jioni. Zaidi ya yuniti 50 kwa mara moja ndipo unahitaji la 1.

Bomba la kawaida la mililita 1, lile lililoandikwa 0.1, 0.2, 0.3 na kuendelea, lisiguse insulini. Linafanana na la insulini kwa wembamba, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu anayejua dozi ni "kumi" anavuta mpaka mwisho badala ya 0.1, na hapo amevuta yuniti 100.

Sasa nikueleze uvutaji wenyewe, maana nimewaona watu wengi wanafanya mambo yote vizuri na kukosea mwishoni. Nawa mikono. Futa mpira wa kichupa kwa spiriti, uache ukauke. Kama insulini ya mama ni ile ya ukungu, iviringishe taratibu kati ya viganja mara kumi hadi ishirini mpaka iwe na weupe ulio sawa chupa nzima, usiitikise. (Ya mbwa fuata karatasi yake, kwa sababu nyingine huviringishwa na nyingine hutakiwa kutikiswa hasa.) Vuta hewa kwenye bomba kiasi cha dozi, ingiza sindano, sukuma hewa ndani ya kichupa, geuza kichupa juu chini, vuta dawa kupita dozi kidogo. Gonga bomba kwa ukucha, viputo vipande juu, virudishe ndani ya kichupa, kisha shuka mpaka kwenye mstari wako. Inua bomba usawa wa macho. Ule mpira mweusi ndani ya bomba una kingo mbili zinazogusa ukuta. Dozi inasomwa kwenye ukingo ulio karibu na sindano. Kwenye mabomba makubwa mpira huo una ncha kama paa. Usisome kwenye ncha, soma pale mpira unapogusa plastiki.

Kuhusu viputo, watu wanaogopa kwamba hewa kidogo itamuua mgonjwa. Chini ya ngozi kiputo kidogo hakiui mtu. Tatizo lake ni kwamba kimekaa mahali pa dawa, na mgonjwa anapata pungufu.

Daktari akiwa amesema uchanganye insulini ya maji safi na ya ukungu kwenye bomba moja, vuta ya maji safi kwanza, kisha ya ukungu. Ukianza na ya ukungu, tone lake litaingia kwenye kichupa cha maji safi na kukiharibu polepole. Zile insulini za maji safi za kufanya kazi siku nzima hazichanganywi na kitu chochote.

Mahali pa kumchoma mama ni tumbo, ukiacha vidole viwili au vitatu kutoka kitovuni, au upande wa nje wa mapaja. Hama kila siku angalau upana wa kidole kutoka ulipochoma jana. Mpapase tumbo kwa viganja mara moja kwa wiki. Ukikuta vinundu laini au sehemu iliyovimba kama mafuta, hapo pamechomwa kupita kiasi. Wazee hupapenda kwa sababu hapaumi tena, ila insulini inayoingia humo haiaminiki: leo inatoka kidogo, kesho inatoka kwa wingi. Ukitaka kuhamia ngozi nzima mwambie daktari kwanza, kwa sababu dozi ileile ikiingia penye afya inaweza kuwa kali mno. Sindano ya milimita 6 inatosha watu wengi. Ukiwa na ya 8 na mama amekonda, bana ngozi kwa vidole viwili. Ukishasukuma dawa yote, hesabu mpaka kumi kabla ya kuchomoa.

Akitetemeka, akatoka jasho, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, mpime sukari. Huna kipimo karibu? Mhesabu sukari imeshuka. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, kisha baada ya dakika 15 umwangalie tena. Asiyeweza kumeza hapewi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali.

Mbwa anachomwa chini ya ngozi ubavuni au kati ya mabega. Mpe chakula kwanza. Akila, inua ngozi kwa vidole mpaka ifanye hema dogo, ingiza sindano chini ya hema, sukuma. Kisha pitisha kiganja upande wa pili: manyoya yakiwa yamelowa na yananuka dawa, sindano ilitokea upande wa pili na mbwa hakupata. Usirudie dozi kwa kukisia, kwa sababu hujui kiasi gani kiliingia. Subiri zamu ijayo. Akikataa kula kabisa, usimchome kabla hujampigia daktari wake. Akianza kuyumba au kulegea saa chache baada ya sindano, mpake asali kwenye fizi, usimmiminie kitu kooni, na umpeleke.

Swali lako la pili, bomba moja mara ngapi. Mtengenezaji anasema mara moja, na ndilo jibu langu. Ncha ya sindano hii nyembamba hujikunja mapema, unaona mama anaanza kukunja uso. Mistari nayo inafutika kwa kushikwashikwa, na bomba lisilosomeka halipimi. Najua bei, na najua wapo wanaorudia. Ikiwa umebanwa na fedha na bomba ni la mama, kwa mama peke yake, usilichemshe, usiipanguse sindano yake kwa spiriti kwa sababu inaondoa kilainishi chake, usiliache bila kifuniko, na ulitupe mara linapouma, linapopinda, linapogusa kitu zaidi ya ngozi safi na mpira wa kichupa, au mstari mmoja unapofifia. Mwenye kidonda, au mwenye kinga dhaifu, asirudie kabisa. Waulize kwenye kliniki ya kisukari kama wana njia ya kukupunguzia gharama kabla hujazoea kurudia.

Kurudia kwa mtu yuleyule ni jambo moja. Kulihamisha bomba kutoka mwili mmoja kwenda mwingine ni jambo lingine, na hapo sina kulegeza. Kubadilisha sindano na kubakiza bomba hakutoshi, kwa sababu damu kidogo isiyoonekana hurudi nyuma mpaka ndani ya bomba. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku huko Zaire, sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wauguzi walikuwa wakipewa mabomba matano kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku, yakisuuzwa kwenye maji ya vuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ndivyo Ebola ilivyoenea katika mlipuko wa kwanza kujulikana huko: watu 318 waliugua, 280 walifariki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2010 pekee sindano zisizo salama ziliambukiza homa ya ini aina ya B hadi watu milioni 1.7, homa ya ini C hadi 315,000 na virusi vya Ukimwi hadi 33,800. Mwaka 2015 shirika hilo likazitaka nchi zihamie kwenye mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja, kama yale wanayochanjiwa watoto kliniki. Bomba la insulini mara nyingi halijifungi, kwa hiyo wewe ndiye kufuli yake. Kwa mama na mbwa jibu ni lilelile: hata kama vichupa vyote ni U-100, bomba lililomgusa mmoja halimgusi mwingine.

Kaka yako anasema hajaona tatizo kwa sababu tatizo la zizi halijitangazi siku ya sindano. Ndigana baridi ya ng'ombe inapita kwenye sindano yenye damu. Homa ya nguruwe ya Afrika pia, na majipu ya tezi kwa mbuzi na kondoo. Homa ya Bonde la Ufa ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mlipuko wa 2006 hadi 2007 uliopita Kenya, Somalia na Tanzania uliua mifugo na watu, na kuchoma kundi zima kwa sindano moja wakati ugonjwa umeshaingia ni njia ya kuusambaza kwa mikono yako mwenyewe. Mwambie kaka: sindano moja, mbuzi mmoja. Na kuna jambo jepesi kabisa anaweza kulianza leo: sindano moja safi ibaki imechomekwa kwenye mpira wa chupa kwa ajili ya kuvutia dawa tu, na zinazoingia kwa mnyama zisirudi kwenye chupa. Akiingiza sindano yenye damu kwenye chupa ya mililita 100, chupa nzima imechafuka, na ataitunza kwa miezi. Akiwa na bomba la chuma la kuchemshwa, achemshe kwa dakika 20 tangu maji yaanze kutokota, aache lipoe lenyewe. Asilisafishe kwa dawa za kuua vijidudu kabla ya chanjo hai, kwa sababu mabaki yake yanaiua chanjo.

Kwenye sindano za kawaida, rangi ya kitako cha plastiki inaeleza unene. Namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba: waridi ni namba 18, kijani 21, nyeusi 22, bluu 23, chungwa 25. Kwa mbuzi mkubwa na dawa nzito, 18 au 20 inafaa, msulini upande wa shingo. Mguu wa nyuma una mshipa mkubwa wa fahamu, ukiuchoma mbuzi anachechemea maisha. Mbwa wa kawaida anatosheka na bluu au nyeusi. Kuchagua nyembamba kupita kiasi kwa dawa nzito hakumhurumii mnyama. Inakubidi usukume kwa nguvu, sindano inachomoka kwenye bomba na dawa inakurukia machoni.

Nimwambie kaka na jambo la kipimo, maana bomba kubwa linadanganya. Ivermektini ya asilimia 1 ya ng'ombe inapigwa mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Mtu anaona mtoto wa mbwa ana viroboto, anachukua bomba la mililita 5 lililotoka kwa ng'ombe, anasema "nusu tu". Kwa mnyama wa kilo 5 hesabu ileile ya ng'ombe ingekuwa mililita 0.1, na mstari mdogo kuliko yote kwenye bomba la 5 ni 0.2. Bomba hilo haliwezi kupima dozi hiyo hata kwa mkono uliotulia. Nusu mililita ni mara tano. Na wapo mbwa wa koo fulani, kama koli, ambao hata dozi ya chini zaidi ya hiyo inawadhuru ubongo. Mbwa apewe ya mbwa, na daktari.

Dawa za mifugo zinazowachoma wafugaji kwa bahati mbaya nazo zisidharauliwe. Tilmikosini, dawa ya mapafu ya ng'ombe, imeua watu waliojichoma, na haina dawa ya kuizima mwilini. Chanjo za mafuta zikiingia kidoleni huziba damu mpaka kidole kikakatwa, hata kama tundu ni dogo na halitoki damu. Akijichoma asisubiri kuona kama patavimba. Aende hospitali saa hiyohiyo na chupa mkononi.

Mtoto wako wa miaka mitatu anahitaji bomba la namna yake, lile lisilo na sindano na ambalo mdomo wake hauingiani na sindano, kwa ajili ya dawa za maji. Kijiko cha nyumbani hakipimi. Kijiko cha dawa ni mililita 5, vya jikoni kila kimoja na ukubwa wake. Ondoa kifuniko kidogo cha mbele kabla ya kumkaribia mtoto, kwa sababu kimeshawahi kusukumwa na dawa mpaka kooni. Elekeza ndani ya shavu, sukuma kidogokidogo. Mbwa naye unampitishia dawa ya maji kwenye shavu namna hiyohiyo, ila kwa bomba lake. Na kama kuna paka nyumbani, asipewe parasetamoli ya mtoto hata tone: inamuua.

Sasa takataka. Chukua chupa ngumu ya jiki au ya sabuni ya maji yenye kifuniko cha kuzungusha, iandike kwa kalamu nene "SINDANO, USIFUNGUE". Iweke pale unapochomea, juu asikofika mtoto. Ukichomoa sindano, iangushe humo moja kwa moja bila kurudisha kifuniko. Vidole vingi huchomwa wakati wa kurudisha kifuniko. Chupa za maji za plastiki laini hazifai, sindano inatoboa ubavu. Ikijaa robo tatu, funga, zungushia gundi ya karatasi, ipeleke zahanati au hospitali unakochukua dawa ya mama. Wanayo maboksi ya njano na mahali pa kuchomea. Ya mbwa mpelekee daktari wa mifugo. Usiitie kwenye mfuko wa taka za jikoni: kuna kijana anapekua mifuko hiyo dampo kwa mikono mitupu akitafuta chupa za kuuza.

Mtu akichomwa na sindano iliyotumika, hata kama ni ya mama, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usifyonze, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Waulize pia kuhusu chanjo ya homa ya ini. Mtoto akikutwa ameshika bomba la insulini lililokuwa na dawa na huna hakika kama limemwingia, mpe kitu chenye sukari akiwa bado anameza vizuri, kisha mkimbizeni. Beba bomba hilo na kichupa chake, ili daktari asome mwenyewe ni U ngapi na ni ya kufanya kazi kwa saa ngapi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayomwambia mtoto alale wodini mpaka lini.